Mbegu za figiri za duka la pembejeo, Mtwara mjini

Mbegu ni safi: duara, za kahawia, hazina makapi. Zifukie sentimita 1 tu, zikizama zaidi miche haitokezi. Tatizo ni pakiti, haina neno kuhusu joto la huku pwani, na hilo ndilo linaloharibu figiri: jua likizidi na maji yakipungua, mmea hukimbilia kutoa maua. Shina hurefuka ghafla, tumba hujikusanya kileleni, kisha maua ya manjano yenye petali 4 zilizokaa msalaba na stameni (nyuzi za kiume zenye chavua) 6, nne ndefu, mbili fupi. Hapo majani yameshakuwa machungu. Sia Mei au Juni, baridi inapoingia, mwagilia asubuhi na jioni. Ukitaka mbegu, kata maganda ya mbegu yakigeuka kahawia. Yakikauka mno hupasuka kuanzia chini na kumwaga zote.