Mafunzo ya siku moja kuhusu sumu za neva: niliyopata na niliyokosa

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura. Waliokunywa dawa za kuua wadudu nimewapokea mara nyingi, ndiyo maana nilijiandikisha: sarini, sumu ya neva ya kivita, na baadhi ya dawa hizo ni ukoo mmoja. Mkufunzi alianzia hapo hapo. Mwaka 1936 mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya wadudu, akapata tabuni, sumu nyingine ya ukoo huo. Yeye na msaidizi wake wakabanwa na kifua, mboni zikasinyaa. Sarini ilifuata mwaka 1938.

Jinsi sumu inavyofanya kazi ilielezwa vizuri. Mwilini kuna kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva ukishafika kwenye misuli na tezi. Sumu hukifunga, ujumbe hauzimiki: mate na jasho humwagika, misuli hucheza-cheza hadi inalegea, na ya kupumulia nayo hulegea.

Kilichonilipa siku nzima ni zoezi la kumvua mgonjwa. Nguo za sanamu zilinyunyiziwa unga unaong'aa chini ya taa maalumu. Nilikata shati taratibu, nikaliweka kwenye mfuko, nikaamini nimemaliza salama. Taa ilipowashwa, unga ulikuwa shingoni mwangu na kwenye kamba ya barakoa. Nilinyamaza. Tokyo, Machi 20, 1995, baada ya sarini kuachiwa kwenye treni za chini ya ardhi, wahudumu wa hospitali waliugua kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa. Habari hiyo nilikuwa naijua. Shingo yangu ndiyo iliyonifanya niielewe.

Kwenye atropini, dawa ya kukabili sumu hizi, wengi tulijibu kwamba tutaongeza dozi mpaka mboni zipanuke. Tulikosea. Mboni zinaweza kubaki ndogo kwa siku kadhaa; cha kufuata ni kifua: majimaji yakauke, pumzi iwe nyepesi.

Sasa malalamiko. Pralidoksimu, dawa ya kukifungua kimeng'enya kilichofungwa na sumu, ilipitiwa mbio mbio, na kwa sarini kuchelewa saa chache tu huifanya dawa hiyo isifue dafu, kwa kuwa kimeng'enya kinakuwa kimeshikwa kiasi cha kutofunguka tena. Diazepamu ya kutuliza degedege ilitajwa mara moja. Sindano za mazoezi zilikuwa mbili kwa watu ishirini. Yangu niliishika chini ya dakika moja, nikaichoma kwenye paja la sanamu, nikanyang'anywa. Na dozi za watoto hazikuguswa kabisa. Niliuliza, nikaambiwa muda umeisha.