Suzuki Escudo kwa mstaafu msafiri: magoti yangu yameipitisha

Nasema mapema, ili asiyependa maelezo marefu aende zake: kwa mstaafu anayetaka kuzunguka nchi bila kufilisika, Suzuki Escudo ile iliyoanza kutoka 2005, milango mitano, injini ya cc 2000, ndiyo ningemshauri ndugu yangu wa damu. Si kwamba ni gari zuri kuliko yote. Inakula mafuta kuliko umbo lake, mgongo haiubembelezi na buti lake ni dogo. Ila inafika, na ikigoma njiani, fundi wa mji wowote wenye stendi anajua pa kuanzia.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Morogoro. Safari zangu nafanya na wifi yangu, maana mzee wangu tukishafika stendi ya Msamvu hapa hapa Morogoro tu anaanza kuulizia kuku wake. Tunapenda Nyanda za Juu Kusini: Iringa, Njombe, Makete, Tukuyu, na tukipata nguvu tunashuka hadi Matema kukaa mbele ya Ziwa Nyasa bila kufanya lolote. Nusu ya njia hizo ni lami nzuri. Nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nitafute gari la juu.

Kuhusu fedha, kikokotoo cha mafao mnakijua, sina haja ya kuwatonesha kidonda. Kuna kikokotoo kingine, cha TRA, Mamlaka ya Mapato, kipo kwenye tovuti yao. Unaingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, kinakuletea kodi. Keti kwanza ndipo ubonyeze. Ushuru wa forodha ni 25%. Ushuru wa bidhaa ni 5% kwa injini inayozidi cc 1000 na kuishia 2000, ikipita hapo ni 10%. VAT 18%. Kisha kuna umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15%, na lililovuka miaka 10 linaongezewa 30%. Escudo ninazozisema karibu zote zimevuka. Kwa hiyo kuagiza Japani leo ni kulipia uzee wa gari mara mbili, mara ya kwanza TRA na mara ya pili gereji.

Nikanunua iliyokwisha kutembea hapa hapa nchini. Ya 2008, namba D (usajili uliotangulia namba E), mkononi mwa mhasibu aliyekuwa anahamia gari jipya, milioni 16 na nusu. Vijana wanataka namba E wakapige picha, basi namba D inaporomoka bei na chuma ni kile kile. Mstaafu hana wa kumringia. Hapo ndipo nafuu yetu ilipo.

Kabla ya hapo nilizunguka yadi kadhaa za Dar es Salaam na kipimo changu mwenyewe. Miaka ya kunyanyua wagonjwa imeniachia mgongo unaodai na goti la kulia lisilopenda ngazi. Kipimo chenyewe ni hiki: fungua mlango wa dereva, kipe kiti mgongo, kisha kaa. Ukilazimika kujirusha juu, gari ni refu mno kwako. Ukidondoka kitini, ni fupi mno, na siku ya kutoka utahitaji mtu wa kukuvuta. Kiti kinachofaa kinakupokea usawa wa nyonga, miguu unaigeuza ndani yote miwili pamoja, umemaliza. Rudia mara kadhaa, ukiingia na kutoka. Kijana wa yadi aliniangalia weee, mwishowe akauliza, "Mama, unanunua gari au unafanya mazoezi?" Nikamwambia, "Vyote, mwanangu. Lete na ile ya pembeni."

Prado ilianguka hapo hapo. Ni gari la heshima, lakini mpaka ukanyage kingazi, ushike mpini, ujivute. Na ukishafika juu unakumbuka bei yake.

Harrier, ile wanayoiita tako la nyani, kwa magoti ilishinda zote, nisiseme uongo. Unaingia umekaa, unatoka umesimama. Viti laini, kimya ndani, na yule kijana alikuwa ananisukumia hiyo hiyo: "Mama, hii ina hadhi." Ina hadhi kweli. Ila kwa mfuko wangu iliyokuwepo ilikuwa ya cc 2400, haina gia ya kupunguza mwendo kwa ajili ya milima ya tope, na Dar ukiiegesha vibaya unarudi saiti mira hazipo.

RAV4 za 2000 hadi 2005 ni nafuu na ziko kila kona. Fungua boneti kabla hujaipenda. Nyingi za cc 2000 zilizotoka Japani zina injini ya D-4, inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hiyo ni nyepesi kudhurika, inataka mafuta safi na fundi mwenye mashine, na mimi nakwenda Makete. X-Trail ina buti zuri kuliko zote nilizoziona, lakini zile za baadaye za cc 2000 zenye gia ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, zinataka oili yake maalumu. Fundi wa njiani akikuwekea ya kawaida, gia boksi umeiaga. Forester niliiangalia nikaipita. Kubadilisha plagi tu mkono hauingii.

Nikabaki na Escudo. Kiti chake kwangu kiko usawa wa nyonga, na mimi ni mtu wa kimo cha kawaida. Umekaa wima, vioo vikubwa, pembe za boneti unaziona, na kwa shingo iliyokwisha kukakamaa hiyo ni dawa. Cha maana zaidi kiko chini. Escudo hii inavuta magurudumu yote manne wakati wote, na ina swichi ya kuzungusha yenye 4H ya mwendo wa kawaida, 4H LOCK ya kufunga mbele na nyuma zivute pamoja, na 4L LOCK, ile gia nzito ya mwendo wa polepole. Si zote duniani zilitengenezwa na swichi hiyo, kwa hiyo itafute kwa macho yako kabla ya kulipa. Dalali atakuambia "fowili ipo, mama", yaani inavuta magurudumu yote manne, hata kwenye baiskeli.

Sasa hiyo 4L. Ukitoka Makambako kwenda Mbeya, kuna mji mdogo unaitwa Chimala. Hapo unaiacha lami upande wa kushoto, unapanda kwenda Matamba na Hifadhi ya Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu. Barabara inaitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona. Maua ya Kitulo yanachanua kati ya Desemba na Aprili, maana yake unayafuata wakati wa mvua, huna namna.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye kona za chini 4H ilitosha. Tulipofika juu kidogo, kwenye kona ya tope jekundu lililochimbwa na malori ya viazi, tairi la mbele likaanza kuzunguka bure. Nikasimama, gia N (huru), mguu kwenye breki, nikazungusha swichi hadi 4L, nikangoja taa itulie kwenye dashibodi. Kisha nikaachia breki na kugusa mafuta kidogo tu. Gari likapanda mwendo wa mtu anayekwenda kisimani, injini inanguruma, hakuna kuteleza, hakuna kurushwa. Wifi alikuwa ameshika rozari, akaiachia akashika simu apige picha. Kushuka ndiko kuzuri zaidi: 4L, gia ya kwanza, injini yenyewe inakushikilia, breki unaigusa kwenye kona tu. Walioshuka kwa breki peke yake tuliwakuta chini wanapepea magurudumu.

Siku mbili tatu baadaye taa ya 4WD ikaanza kuwakawaka. Nikaingia gereji ya mji mmoja mkubwa, siitaji. Kijana hata chini hakuingia: "Mama, gia boksi imekwisha. Tunayo ya yuzidi, milioni mbili na laki tatu." Nikashukuru, nikaondoka. Gari lilikuwa linatembea vizuri, na mimi mgonjwa anayetembea simpeleki chumba cha upasuaji kabla ya vipimo. Makambako tukasimama kununua viazi, nikamuuliza muuza viazi fundi wa Suzuki ni nani. Akaletwa kijana, "Shikamoo mama," akatandika boksi chini, akaingia. Alikaa humo kama dakika kumi, akatoka na soketi ya waya mkononi, imejaa tope la Matamba. Akaiosha kwa petroli, akaipuliza kwa upepo wa tairi, akairudisha. Taa ikazima. Elfu ishirini, nikamwongezea na ya soda. Ndiyo maana nasema fundi ni sehemu ya gari. Spea za Escudo Kariakoo zimejaa, mpya na yuzidi, na watu wanaojua kuzifunga wametawanyika mpaka huko mbali.

Injini ni ya cheni ya taimingi, si mkanda, hivyo huna tarehe ya kuogopa ya kubadilisha mkanda. Huna ruhusa ya kuchelewesha oili, lakini. Ukienda kununua, nenda asubuhi gari likiwa la baridi, uliwashe mwenyewe, usikilize. Cheni ikipiga kelele za kugongana na haziishi, rudi nyumbani. Ulizia pia oili za difu ya mbele, difu ya nyuma na transfa (boksi linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) zilibadilishwa lini. Wengi hawajui hata kama zipo. Tairi zote nne ziwe za saizi moja na uchakavu unaolingana, kwa kuwa magurudumu yote yanavuta muda wote. Tairi tofauti tofauti zinaua difu taratibu. Halafu angalia namba ya gari kama ina madeni ya faini polisi, na usitoe fedha ya mwisho mpaka umiliki umebadilishwa TRA. Kuna watu wanatembea na gari la marehemu.

Mafuta. Kwenye lami, mwendo wa 80, yangu inanipa kilomita 9 hadi 10 kwa lita. Mjini na kwenye tope inashuka hadi 7. Tangi linachukua lita 66, kwa hiyo ukijaza Morogoro unakaribia kufika Mbeya, ingawa mimi huongeza Mafinga ili nilale vizuri. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, wakitangaza bei mpya, ndipo naamua kama mwezi huo ni wa Makete au ni wa Kilosa.

Kasoro zake. Gia ni nne tu za otomatiki, na injini ya cc 2000 inabeba mwili mzito. Mlima Kitonga unapanda nyuma ya lori ukiwa mpole, utake usitake. Faida yake ni kwamba tochi za trafiki za kupima mwendo hazijanipata. Springi ni ngumu, barabara yenye makorongo utaisikia kiunoni, nami naweka mto nyuma ya mgongo na kusimama kila baada ya saa moja na nusu kunyoosha miguu, ushauri ambao ningempa hata mwenye Prado. Mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni, na umebeba tairi la spea. Ukiegesha nyuma karibu na ukuta hutoi hata kapu, na kwenye mteremko mlango ule mzito unaweza kukurudia. Buti, viti vya nyuma vikiwa vimesimama, linameza mabegi mawili na gunia dogo. Sisi tuko wawili, tunalaza viti. Ukiwa na wajukuu watatu utanuna.

Na kama safari zako ni za lami tupu, Dodoma, Singida, Arusha, kwenda kusalimia watoto na kurudi, Escudo itakumalizia mafuta kwa nguvu usizozitumia. Tafuta RAV4 ya cc 1800 inayovuta magurudumu ya mbele tu, haina D-4, sikiliza injini na angalia moshi, kisha fedha inayobaki nunua tairi nne mpya kabla hujatoka mjini.