Uzoefu wangu: nilipeleka rupia zangu za enzi za Mjerumani huko Marekani zikagrediwe, je kwa sisi wa Mwanza inalipa?

Wadau wa sarafu za zamani habari zenu, kila nikimwonyesha mtu mkusanyiko wangu hapa Mwanza swali ni lile lile, hizi kampuni za kugredi (kukagua sarafu na kuipa namba ya ubora) ni za kuaminika au zinakula tu hela za watu? Mi nimeshapeleka kwa hiyo naongea nilichokiona. Kwenye kujua kama sarafu ni orijino au feki, ziamini. Kwenye ile namba wanayotoa, isikilize ila macho yako ndo yaamue.

Kwa ambaye hajui, kubwa ziko mbili, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyofuata 1987, zote za Marekani. Wanaiangalia sarafu, wanaipa namba ya kipimo cha Sheldon kinachoanzia 1 mpaka 70, halafu inafungwa kwenye kiboksi kigumu cha plastiki chenye namba ya cheti unayoweza kuicheki kwenye tovuti yao.

Mi nilituma kupitia ajenti anayekusanya mizigo ya wakusanyaji wengi pamoja, maana kutuma peke yako gharama ya usafiri na bima inakumaliza. Nilichagua makusudi sarafu zisizofanana. Kulikuwa na rupia ya Mjerumani ya 1890, ile yenye Kaisari amevaa kofia ya chuma na nyuma simba na mtende, niliipata kwa mzee mmoja Ukerewe na kwake walikuwa wameshaisugua kwa majivu na limao ili ing'ae. Nikasema ngoja nione kama watagundua. Waligundua bana! Ilirudi haina namba kabisa, imeandikwa ni halali lakini imesafishwa, na mnunuzi wa nje akiona maneno hayo bei inashuka sana. Hapa ndo naumia kwa kweli, kwa sababu huku kwetu mtu akipata hela ya zamani kitu cha kwanza ni kuisugua, kumbe ule weusi wa miaka mia na zaidi ndo unaotakiwa. Jamani msisugue, hata kwa kitambaa, waambieni na wazee nyumbani.

Rupia nyingine ya 1910 ilipata VF 35 (VF ni Very Fine, yaani imetumika ila bado nzuri), mi naona ilistahili 40 maana michoro ya kofia bado inaonekana vizuri, na ndo maana nasema namba ni maoni ya watu, sarafu ile ile ukiitoa kwenye plastiki ukaituma tena inaweza kurudi na namba tofauti na wakusanyaji wa nje wanalijua hilo. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1952 sina la kusema, ilirudi na gredi nzuri tu ila ada ilizidi bei ya sarafu yenyewe. Hizo pamoja na zetu za 1966 zenye mwenge, ziweke tu kwenye albamu.

Sasa kabla hujatoa hela yako, sisi wa Mwanza tuna bahati moja, mji umejaa wanunuzi wa dhahabu na masonara wenye mizani ya dijitali. Rupia moja ya Mjerumani ikiwa nzima ina gramu 11.66, upana kama milimita 30, sehemu 917 kati ya 1000 ni madini ya fedha, na sumaku haiinasi. Iliyochakaa itapungua kidogo, sawa, lakini ukiambiwa gramu 9 achana nayo, na hizo stori za vijiweni za rupia inayouzwa mamilioni zimeshawafilisi watu wazima na akili zao.

Ila kuna sarafu moja sinunui bila cheti hata aniletee nani, ile ya dhahabu ya rupia 15 ya 1916 yenye tembo. Ilitengenezwa Tabora kwenye karakana ya reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wamefunga bahari na hela haziji tena kutoka Ujerumani, zilitoka kama elfu 16 tu. Nakala zake ni nyingi mno na nyingine nazo ni za dhahabu kwa hiyo sonara wako atakwambia dhahabu ni ya kweli na bado umepigwa. Hapo ada ya kugredi ni ndogo kabisa ukilinganisha na hasara.

Na ukiletewa ambayo tayari iko kwenye plastiki usishangilie mapema, plastiki zenyewe zinafojiwa na namba ya cheti inanakiliwa kutoka kwenye sarafu halali. Ingia kwenye tovuti ya kampuni, ingiza namba, kama wameweka picha linganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo huku sarafu unayo mkononi, muuzaji akianza kukuharakisha eti anawahi kivuko mrudishie mali yake aondoke.