Siasa au Sosholojia kwa Masafa: Tufungue Vifurushi Vyote Viwili Kabla Hujalipa

Habari zenu, karibuni. Leo mezani kuna vifurushi viwili vya A level ya Uingereza, vyote vya kusoma kwa masafa. Mkono huu Siasa, mkono huu Sosholojia. Swali linalokuja kila siku, kutoka kwa wazazi wa Leicester na London wanaosomesha watoto nyumbani, na kwa watu wazima wanaotaka kurudi chuo, ni moja: ipi nyepesi? Hilo liache. Unayesoma peke yako uliza hivi: ipi inaharibika ikikaa kabatini? Siasa ni maziwa. Sosholojia ni dagaa mkavu. Ukishalielewa hilo, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Yanayofanana tuyamalize haraka. Sosholojia tunayochambua ni ya bodi ya mitihani ya AQA, namba 7192. Siasa ni ya Pearson Edexcel, namba 9PL0. Kila moja ina karatasi 3 za saa 2, zenye uzito sawa, na hakuna mradi wala kazi ya nyumbani inayohesabiwa kwenye alama za mwisho. Ndiyo maana yote mawili yanamfaa mtahiniwa wa kujitegemea: huhitaji maabara, wala mwalimu wa kukusainia chochote. Mitihani ni Mei na Juni, karatasi zote 3 msimu mmoja. Ukivurunda moja, mwakani unazirudia zote 3. Muda wa kufundishwa unaokadiriwa ni saa 360 kwa somo. Gawa kwa wiki 35, yaani Septemba hadi Mei, unapata saa 10 na ushee kila wiki, na hapo hujaanza kujisomea. Anayekwambia miezi 3 jioni jioni inatosha, huyo yuko kazini anauza.

Haya, Siasa.

Karatasi ya 1 ni siasa za Uingereza: demokrasia na ushiriki, vyama, mifumo ya uchaguzi, tabia ya wapigakura na vyombo vya habari, pamoja na itikadi 3, uliberali, uhafidhina na ujamaa. Karatasi ya 2 ni katiba, Bunge, waziri mkuu na baraza lake, uhusiano wa mihimili, na itikadi moja ya kuchagua kati ya 5. Karatasi ya 3 unachagua: Marekani au siasa za dunia. Kila karatasi ina alama 84.

Sasa tazameni kwa nini nimesema maziwa. Mada ni ya mfumo wa uchaguzi, swali linauliza kama mshindi wa jimbo kuchukua kiti peke yake ni haki. Mwanafunzi mwenye kifurushi cha zamani ataandika kwamba mwaka 2015 chama cha UKIP walipata asilimia 12.6 ya kura wakaambulia kiti 1. Ni kweli, na bado inampa alama. Lakini wa jirani yake ana uchaguzi wa Julai 2024: Labour asilimia 33.7 ya kura, viti 411 kati ya 650. Reform UK asilimia 14.3, viti 5. Liberal Democrats asilimia 12.2, viti 72. Rudia hizo mbili za mwisho polepole. Chama chenye kura chache kina viti 72, chenye kura nyingi kina 5, kwa sababu wa kwanza kura zao zimerundikana kwenye majimbo machache, wa pili zimetawanyika nchi nzima. Mistari hiyo miwili inabeba aya nzima, maana inaonyesha namna mfumo unavyofanya kazi, haiishii kulalamika kwamba hauna haki.

Kuna kipimo cha dakika 2 cha kujua kifurushi kimechacha au la. Fungua sura ya waziri mkuu na Bunge, tafuta sheria ya mwaka 2011 iliyoweka muhula wa Bunge kuwa miaka 5 kamili. Kama imeandikwa kana kwamba bado inatumika, funga kitabu, omba hela yako. Sheria hiyo ilifutwa 2022, na mamlaka ya kuomba Bunge livunjwe yakarudi kwa waziri mkuu. Kipimo cha pili: kwenye sura ya demokrasia, je, wametaja sharti la kuonyesha kitambulisho chenye picha ili upige kura? Lilikuja na sheria ya 2022, likatumika kwa mara ya kwanza kwenye chaguzi za mitaa Uingereza Mei 2023. Wasipolitaja, mwandishi wao aliacha kazi zamani.

Lakini hata kifurushi kipya hakikuokoi na mtego wa swali la dondoo. Karatasi ya 1 na ya 2 zote zinaanza na swali la alama 30 lenye dondoo, yaani kipande cha maandishi unachopewa, mfano hoja za kuunga na kupinga kura ya maoni. Wanaosoma wenyewe wanalisoma dondoo mara moja, wanaliweka kando, wanamwaga kila walichokariri. Hapo ndipo wanapozama. Hoja unazozichambua na kuzipima lazima zitoke ndani ya dondoo. Ujuzi wako wa nje unakuja kuzipa nguvu au kuzibomoa, hauji kuanzisha hoja mpya. Na ukichambua upande mmoja tu, mwongozo wa usahihishaji unakufungia ngazi ya 2 kati ya 5, hata uandike Kiingereza cha malkia. Dawa yake ni ya mikono: chora mstari katikati ya karatasi ya kuandikia rasimu, hoja 3 za dondoo kushoto, 3 kulia, zioanishe jozi jozi, ndipo uanze.

Mtego mwingine uko kwenye itikadi, swali la alama 24. Wanafikra ni lazima. Kwa uhafidhina ni Hobbes, Burke, Oakeshott, Rand na Nozick, na kila mmoja unatakiwa ujue anasemaje kuhusu mambo 4: hulka ya binadamu, dola, jamii na uchumi. Jibu lisilotaja mwanafikra hata mmoja nalo linaishia ngazi ya 2. Hii ndiyo sehemu ya Siasa isiyochacha, kwa hiyo anza nayo Septemba. Kadi 15 za itikadi 3, jina mbele, mambo 4 nyuma, unazipitia kwenye basi.

Karatasi ya 3, kama ni wa kwetu na unafuatilia habari za nyumbani, siasa za dunia ina kitu cha ziada kwako. Haki za binadamu na mahakama za kimataifa zimo ndani. Mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha, ikaundwa 1994 na kufungwa 2015, unaweza kuieleza bila kushika kitabu. Thomas Lubanga wa Congo ndiye wa kwanza kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, 2012. Umoja wa Afrika nao una nafasi kwenye mada ya kanda, ingawa uzito wa mada hiyo uko kwa Umoja wa Ulaya, usijisahau.

Sosholojia sasa, dagaa wetu.

Karatasi 3, alama 80 kila moja. Ya 1 ni elimu pamoja na nadharia na mbinu za utafiti. Ya 2 ni mada 2 za kuchagua. Ya 3 ni uhalifu na ukiukaji wa kanuni za jamii, tena na nadharia na mbinu. Kinachofanya isichache ni kwamba uti wa mgongo wake ni tafiti za zamani zinazokubalika mpaka leo: Bowles na Gintis wa 1976 kuhusu shule kuandaa vibarua watiifu, Willis wa 1977 na vijana wake 12 waliokataa shule, Rosenthal na Jacobson wa 1968 kuhusu matarajio ya mwalimu, Merton wa 1938 kuhusu uhalifu. Madesa ya miaka 8 iliyopita bado yanasomeka, mradi ni ya silabasi hii. Ukiugua mwezi, ukirudi yapo palepale.

Ubaya wake? Mzigo. Majina, miaka, istilahi, yote ya kumeza. Mtu asiyependa kupiga msuli atachoka Januari. Na kuna swali moja linalowamaliza watu wa masafa kuliko darasani, lile la alama 20 kwenye Karatasi ya 1 linaloiweka mbinu ya utafiti ndani ya mada ya elimu. Tuliangalie kwa karibu.

Swali linasema: pima faida na udhaifu wa kutumia dodoso kuchunguza utoro shuleni. Mwanafunzi anafurahi, dodoso analijua: ni rahisi, ni la haraka, linafikia watu wengi, lakini watu hudanganya na majibu hayana kina. Anaandika kurasa 2, anapata alama za chini, haelewi kosa liko wapi. Kosa ni kwamba jibu hilo lingefaa hata kwa utafiti wa bei ya nyanya. Utoro uko wapi humo? Sasa fikiri kama mtafiti aliyesimama getini. Unagawa dodoso darasani Jumatatu asubuhi, na mtoro hayupo. Sampuli yako imejaa wasiokuhusu. Ukilituma nyumbani, mzazi anaogopa faini ya utoro, halirudi. Watoro wengi wako nyuma kimasomo, dodoso refu la kuandika litawashinda au watalijaza ovyo. Na dodoso lenye nembo ya shule, kwa mtoto anayeikwepa shule, ni karatasi ya adui. Upande wa pili, kutoandika jina kunaweza kumfanya aseme asichomwambia mwalimu uso kwa uso. Hapo umejibu swali. Ufundi huu haumo kwenye muhtasari wa kukariri. Unatokana na kuandika, kusahihishwa, na kuandika tena. Fanya 8 kabla ya Aprili, kila moja mbinu tofauti na mada tofauti.

Maswali ya alama 4 na 6 yasikupotezee muda: sentensi fupi, dakika 15 yote mawili, songa. Ya alama 10 yanayokuja na kipande cha maelezo ni aya 2, na kila aya lazima ishikilie kitu kilichomo kwenye kipande hicho. Hitimisho halihitajiki.

Na jamani, kwenye Karatasi ya 2 kijitabu cha mtihani kinabeba mada zote, 4 sehemu ya kwanza na 4 ya pili. Unajibu ile uliyosoma tu. Angalia mapema kifurushi chako kimekuchagulia zipi, familia na dini au nyingine, ndipo ununue kitabu cha ziada. Watu wananunua kitabu cha vyombo vya habari, kumbe kozi yao ni ya dini.

Kwa mlioko Nairobi au Dar: Sosholojia ya Cambridge ni namba 9699, silabasi nyingine kabisa, karatasi 4, na inafanyika Juni na Novemba. Madesa ya 7192 hayatoshi huko, msidanganyike na jina.

Hukumu yangu. Una saa zisizotabirika, zamu za usiku, watoto, na mwalimu wa masafa anayejibu baada ya wiki: chukua Sosholojia. Unasikiliza habari za Bunge kila siku bila kulazimishwa, na kozi inakuhakikishia mtu wa kusahihisha insha zako: Siasa, na utaifurahia. Unaipenda Siasa lakini kifurushi hakina msahihishaji? Usinunue hicho, tafuta kingine. Kozi isiyosahihisha angalau insha 10 kwa alama za bodi, mimi naiita kitabu cha bei mbaya. Na msichague kwa hofu ya chuo. Kwa kawaida shahada ya siasa haidai uwe umesoma Siasa A level.

Kabla ya kulipa, pakua bure kwenye tovuti za bodi karatasi moja ya kila somo. Chagua swali la alama 30 kwenye kila moja, weka saa dakika 45, andika kwa kalamu. Narudia, kwa kalamu. Wa masafa wanachapa kwenye kompyuta mwaka mzima, halafu Mei mkono unakufa ganzi dakika ya 70. Kompyuta chumba cha mtihani ni mpaka kituo kiridhie kwamba ndiyo njia yako ya kawaida ya kuandika. Ukimaliza, soma mwongozo wa usahihishaji wa insha zote 2. Ule uliokufanya utake kuandika tena, ndio wako.

Kituo cha mtihani kitafute Oktoba. Ada yake kwa kawaida haimo kwenye bei ya kozi, tarehe ya bodi ya kusajili ni 21 Februari, na vituo vingi hufunga mapema zaidi. Ukisajili Siasa taja wazi 3A ya Marekani au 3B ya dunia, ukikosea utapewa karatasi usiyoisoma. Na siku ya mtihani beba kitambulisho chenye picha, chenye jina lile lile ulilosajilia, herufi kwa herufi.