Saiti ya kutafuta majina ya ukoo ya Kifaransa: nyota 3 tu

Juzi nlikuwa naperuzi saiti moja ya asili ya majina ya Ufaransa, nikatupia Eiffel, la Gustave, yule jamaa wa mnara wa Paris, nikidhani ni jina la kila kona kule, wapi! Adimu balaa. Kumbe ukoo wao ulikuwa Bönickhausen, wametoka Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1700, hilo Eiffel wamelitoa kwenye milima ya Eifel kwao huko, na Gustave kaja kulirasimisha 1880 tu. Takwimu za saiti ni za INSEE, ile ofisi ya takwimu ya Ufaransa, waliozaliwa 1891 mpaka 1990, zimekatwa miaka 25 25, hapo nawapa maua yao. Sema ukigusa ramani uone mkoa, matangazo matatu af wanadai kadi ya benki. Nkafunga.