Uzoefu wangu na interferometa ya mezani: miezi minne Tabata

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, na kwa miaka mingi mwingiliano wa mawimbi ya mwanga nimeuchora ubaoni tu. Mwezi wa pili nikaagiza kutoka nje seti ya interferometa ya Michelson, kifaa kinachogawa mwanga kwenye njia mbili (mikono) kisha kuukutanisha tena ili mawimbi yachore mistari: leza nyekundu ya nanomita 650, kioo cha kugawa mwanga, vioo viwili vya kuurudisha, skrubu ya mikrometa na bamba la alumini. Hadi kunifikia Tabata, Dar es Salaam, ilinila laki sita na nusu.

Siku ya kwanza nilikaribia kukata tamaa. Mistari ya giza na mwanga ilitokea ukutani, lakini ilitetemeka kama maji kwenye karai. Nyumba yangu iko karibu na barabara. Lori likipita, picha yote inafutika. Ndipo nikaelewa kwa macho kile nilichokuwa nikikisema darasani: kioo kikisogea nanomita 325 tu, nusu ya urefu wa wimbi, mstari mzima unapita.

Dawa niliipata kwenye mtaa wa Gerezani. Fundi alinikatia bamba zito la chuma, nikalilaza juu ya tyubu ya gari yenye upepo kidogo, nikafunika kila kitu kwa boksi la kadibodi ili feni isivuruge hewa ndani yake. Sasa mistari inatulia, hasa baada ya saa tano usiku. Joto bado ni adui. Mkono wa alumini wa sentimita 20 ukizidi mwenzake kwa nyuzi 1, unarefuka karibu mikromita 4.6, yaani mistari 14. Mwanafunzi akisogeza kiganja karibu bila hata kugusa, mistari inaanza kuhama. Hiyo peke yake imenirudishia pesa yangu.

Kasoro zipo. Skrubu inacheza ukiirudisha nyuma, kwa hiyo igeuze upande mmoja tu unapohesabu. Kioo cha kugawa mwanga kiliota ukungu kwa unyevu wa masika; siku hizi nakilaza kwenye kopo lenye vile vipakiti vya maboksi ya viatu.

Kinachoniudhi hasa ni tangazo la muuzaji kwamba hiki ni chombo cha kwanta, yaani kinachofikia kiwango cha chembe moja moja za mwanga. Si kweli. Miliwati 1 ya mwanga huu ni fotoni (chembe za mwanga) zaidi ya trilioni 3,000 kila sekunde, nazo hufika ovyo kama matone ya mvua juu ya bati. Kelele ya ufikaji huo wa ovyo ndiyo ukuta wa kwanta: ongeza mwanga mara 100, usahihi wa kupima awamu, yaani wimbi limefika hatua gani ya mzunguko wake, utaongezeka mara 10 tu. Chombo changu hakiukaribii, malori yanakizuia mapema mno. Walioufikia ni LIGO kule Marekani, wenye interferometa za kunasa mawimbi ya mvutano, zenye mikono ya kilomita 4. Tangu 2019 wanatumia mwanga uliominywa: kelele inapungua kwenye awamu na kuongezeka kwenye nguvu ya mwanga, mahali ambapo haiwaumizi sana.

Kwa shule yenye mwalimu mvumilivu, nunueni, ila bamba la chuma litangulie. Alhamisi iliyopita binti mmoja wa kidato cha sita alihesabu mistari 100, skrubu ikawa imesogea milimita 0.033. Akapata urefu wa wimbi wa nanomita 660. Akaniambia, "Mwalimu, naomba nirudie, kuna lori lilipita kwenye themanini."