Boxer 150 Milimani Morogoro: Sifa za Mwenye Chombo na Neno la Anayekiendesha

Ukimuuliza mtu habari za pikipiki yake, muulize kwanza kama ndiye anayeiendesha. Hapa Morogoro, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, mwenye pikipiki na dereva wake mara nyingi ni watu wawili tofauti: mmoja anatunza kadi ya chombo kabatini na kupokea hesabu jioni, mwingine anakaa juu ya chombo hicho tangu alfajiri hadi usiku. Wa kwanza atakusifia ulaji wa mafuta na uimara wa injini. Wa pili, ukimpata ametulia kijiweni, atakueleza habari za kiuno.

Kwa Boxer BM 150 ya Bajaj nimepata bahati ya kuwa wote wawili. Niliinunua mpya mwaka 2022, nikaiendesha mwenyewe kwa miezi kumi, siku za kazi hadi Kihonda na mwisho wa wiki shambani Kinole, milimani. Baada ya hapo nilimkabidhi kijana mmoja wa kijiwe cha Msamvu kwa mkataba wa miezi 14, hesabu ikiwa shilingi 10,000 kwa siku na Jumapili ikiwa yake, kwa makubaliano kwamba mkataba ukiisha chombo ni mali yake. Haya nayaandika zikiwa zimebaki wiki chache, na maoni yangu nimeyachanganya na yake, kwa kuwa yeye ameikalia saa nyingi kuliko mimi.

Nianze na injini, ambayo ndiyo sababu ya wengi kuichagua. Ni ya silinda moja, mipigo minne, inayopozwa kwa hewa, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 144.8 na nguvu za farasi zipatazo 12. Kwa karatasi hizo si nguvu za kujivunia, na ziko pikipiki za ujazo huohuo zinazoipita kwa mbio. Kinachoitofautisha ni mahali nguvu hizo zinapopatikana, kwani uvutaji wake unafika kileleni injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 hivi kwa dakika, mapema kabla haijaanza kupiga kelele. Dereva hahitaji kuikaba ili isogee, na asiyejua kucheza na gia haumbuki nayo sana mlimani.

Nililielewa jambo hilo siku ya kupeleka mbolea shambani. Nilikuwa nimempakia shemeji yangu, na nyuma yake, kwenye keria, tulikuwa tumefunga mfuko wa kilo 50 kwa mipira ya tyubu. Njia ya kupanda Kinole ina sehemu ambazo mvua imezifukua hadi mawe yakabaki yamekaa kama meno, na kosa la wengi hapo ni kuingia kwa kasi wakidhani kasi itawavusha. Niliingia na gia ya pili, mshale wa spidometa ukicheza kati ya 20 na 25, na injini ikaendelea kunguruma kwa sauti ileile nzito bila kukwama. Niliomba gia ya kwanza mara moja tu, kwenye kona ambayo shemeji mwenyewe aliona heri ateremke na kuivuka kwa miguu. Gurudumu la mbele lilikuwa jepesi kuliko nilivyopenda, jambo ambalo ni la kutarajiwa uzito wote unapokaa nyuma, na tangu siku hiyo mfuko mmoja wa mbolea naulaza kwenye tangi mbele yangu kama wafanyavyo wenyeji.

Barabara kuu ni habari nyingine. Kutoka Msamvu hadi njia panda ya Mzumbe ni kilomita zipatazo 20 za lami, na ni barabara hiyohiyo inayobeba malori ya Zambia na Kongo. Gia za Boxer hii ni nne, hivyo ukifika 80 unajua kwamba umebakiwa na akiba ndogo, na mtetemo, ambao ni kawaida ya injini nyingi za silinda moja, unaanza kupanda kwenye mikono na nyayo. Semitrela ikikupita kwa kasi, upepo wake unaisukuma pikipiki pembeni kabla haujaivuta tena katikati. Mimi huendesha 60 hadi 65 katika kipande hicho na kuwaachia wenye haraka njia. Anayetafuta pikipiki ya kwenda Dar es Salaam na kurudi kila wiki atafute chombo chenye gia tano na uzito zaidi.

Ulaji wa mafuta ndiyo mada ambayo wamiliki hatuchoki kuizungumza, na ndiyo ambayo watu huidanganya zaidi. Nilipima kwa njia ya kizamani: nilijaza tangi hadi shingoni, nikaandika kilomita, nikaendesha siku tatu za kawaida, kisha nikajaza tena kwenye pampu ileile. Nikiwa peke yangu mjini nilipata zaidi kidogo ya kilomita 50 kwa lita. Nikiwa na mzigo milimani, ilishuka hadi 40 na kitu. Tangi lake huchukua lita 11, kwa hiyo dereva wa mjini anaweza kukaa siku nzima ya biashara bila kulifikiria. Kijana wangu anasema ulaji hubadilika kuliko watu wanavyodhani kwa sababu ya vitu vidogo: chujio la hewa lililojaa vumbi, tairi lenye hewa pungufu na cheni iliyokazwa kupita kiasi. Cheni inatakiwa iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 ukiisukuma kwa kidole katikati, lakini madereva wengi huikaza hadi inalia, wakiamini kwamba cheni iliyolegea ni aibu.

Sasa nifike kwenye starehe, ambako mwenye chombo na dereva wanaachana njia.

Katika miezi yangu kumi nilikuwa nakaa juu ya siti ile kwa muda wa saa moja asubuhi na muda kama huo jioni, nayo ilinitosha. Ni ndefu, imelala, na abiria mnene hakusukumi tangini. Vishikio viko juu kiasi cha mtu wa kimo cha kawaida kukaa wima bila kuinama, na mapaja hulishika tangi vizuri. Ningeandika tathmini hii wakati ule ningeipa siti alama za juu bila kusita. Kijana alipokaa nayo miezi minne, alinijia na hesabu yake jioni, akaniamkia, akasimama bila kuondoka. Nilijua ana jambo. Akasema, "Mzee, injini sina neno nayo. Neno langu ni siti."

Nilitoka nje tukaiangalia pamoja. Kwa macho siti ilikuwa nzima, reksini haijapasuka hata uzi mmoja. Aliponiambia niweke kiganja sehemu ya dereva na kukandamiza, niliuhisi ubao wa chini kama mtu anayegusa meza kupitia kitambaa. Sponji ilikuwa imelala. Hatua moja tu nyuma, mahali pa abiria, ilikuwa bado inarudi juu vizuri, maana abiria hubadilika na hukaa dakika kumi, ilhali dereva ni yuleyule kwa saa kumi na mbili. Sponji ya pikipiki yoyote ingekuwa na hali hiyo kwa matumizi kama yale, wala silioni kuwa kosa la kiwanda. Ni hesabu ambayo sisi wamiliki hatuiandiki popote: oili tunaiandika, tairi tunaliandika, lakini siti tunaiona kuwa sehemu ya chombo isiyochakaa mpaka ipasuke.

Mafundi wa siti huifumua, huongeza sponji ngumu chini na laini juu, kisha huishona upya. Kazi hiyo huchukua nusu siku. Onyo langu ni kwamba wasiruhusiwe kuipandisha sana kwa ajili ya mapambo, kwa sababu siti iliyopanda humfanya dereva mfupi asikanyage chini kwa nyayo zote mbili, na pikipiki yenye abiria wawili na mzigo, ikiinama taratibu kwenye foleni, haishikiki kwa ncha ya kidole. Abiria wawili, nasema, kwa kuwa mishikaki ipo na kila mtu anaiona, ingawa hairuhusiwi.

Shokapu za nyuma ni ngumu. Ukiwa peke yako kwenye njia ya mashimo, zinakurusha, hasa mwendo ukizidi 40. Ukipakia, zinatulia na chombo kinakuwa na adabu, dalili kwamba waliozitengeneza walimfikiria mtu mwenye mzigo zaidi ya mtu anayetembea na upepo. Zinaweza kulegezwa kwa kuzungusha kola iliyo chini ya springi, na kwa mwenye kuitumia peke yake hilo ndilo jambo la kwanza ninalomshauri alifanye, kabla hata hajabadili vioo. Nashangaa wengi niliowauliza hawakujua kwamba kola ile inazunguka.

Abiria nao wana maoni, tena yana uzito kwa kuwa ndio wanaolipa. Mama mmoja muuza ndizi, mteja wa kudumu wa kijana wangu, anaipenda Boxer kwa sababu moja tu: kikanyagio cha abiria kiko mahali ambapo anaweza kukaa upande na gauni lake bila mguu kugusa ekzosi. Kukaa upande si salama, na mimi huwasihi abiria wapanue miguu, lakini ndiyo hali halisi, na pikipiki iliyowaunguza wanawake wawili watatu miguuni hukimbiwa kijiwe kizima.

Kuhusu breki nitasema kwa ufupi. Ni za dramu mbele na nyuma, zinatosha kwa mwendo wa mjini na ni rahisi kuzitengeneza, ila zikiingia maji wakati wa masika huchelewa kushika. Baada ya kuvuka dimbwi la maji, dereva azibonyeze kidogo huku akiendelea kwenda ili zikauke. Mteremko mrefu ushukwe kwa gia ya pili, breki zisaidie tu.

Matengenezo ndiyo yanayoifanya pikipiki hii ijae barabarani. Ina kabureta ya kawaida, na fundi aliyekaa chini ya mwembe na bisibisi mbili anaifungua, anaipuliza na kuirudisha kabla hujamaliza soda. Spea zake zipo hadi kwenye maduka ya vijijini yanayouza pia chumvi na betri za tochi. Wingi huohuo wa spea una balaa lake, kwani bandia ni nyingi kuliko halisi. Mimi nilinunua sahani za klachi katika duka moja la mjini, zikiwa ndani ya boksi lililochapwa vizuri na muhuri juu, na baada ya wiki tatu zilianza kuteleza mlimani, injini inalia na chombo hakiendi. Nilipozirudisha, mwenye duka aliniambia dereva wangu anakalia klachi. Fundi alizipima kando ya zile kuukuu nilizozitoa, na zile kuukuu, pamoja na kilomita zaidi ya 30,000 zilizokwisha kuzipitia, zilikuwa bado nene kuliko mpya. Tangu hapo naenda na sahani ya zamani mfukoni, nalinganisha kabla ya kutoa pesa.

Wanaoniuliza kati ya Boxer 150 na HLX 125 ya TVS ninawauliza wao wanaishi wapi. HLX ina injini ya sentimita za ujazo 124.5, na wenye nayo hapa mjini husema kwamba haina haraka ya kwenda pampuni na kwamba ni nyepesi mkononi kwenye foleni za sokoni. Kwa tambarare ya Kihonda ningeichukua bila wasiwasi. Kwa mtu wa Kinole au Matombo, ambaye nusu ya safari ni kupanda na nusu ni kushuka na mikungu ya ndizi, zile sentimita za ujazo 20 za ziada zinaonekana. Kampala, mji wa vilima, imejaa Boxer za 100, ukweli ambao marafiki zangu hupenda kunirushia katika mabishano haya, nami huwajibu kwamba vilima vya Kampala vina lami. Pikipiki za Kichina za 125 ni nafuu kununua na nyingine hudumu kushinda sifa zake, lakini ukiiuza baada ya miaka miwili, Boxer hurudisha sehemu kubwa zaidi ya fedha yako. Jina la kiwanda chake, kwa hali yoyote, halihitaji kutangazwa katika nchi ambayo kila chombo cha magurudumu matatu huitwa bajaji, hata kiwe kimetoka kwingine.

Jambo la mwisho nimeliona miezi hii ya karibuni. Mwaka jana nilikuwa mimi ninayeuliza habari za oili kila baada ya wiki mbili, na kijana akinijibu kwamba bado ni nzuri. Siku hizi huimwaga kabla sijauliza, na hunionyesha kwenye simu picha ya ile chafu. Ameacha mishikaki. Juzi alipoleta hesabu, pikipiki ilikuwa na siti mpya, nyeusi, yenye mshono mwekundu pembeni, na sponji ambayo kiganja changu hakikufika ubaoni. Nilimuuliza ni nani aliyelipa, kwa kuwa tulikuwa tumekubaliana nitaishughulikia mwezi huu. Akasema kwamba ameona amalizane nayo mwenyewe, kisha akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake kabla hajaiwasha.